Kiingereza hakifui dafu wodini

Vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda China kusomea udaktari huambiwa masomo ni kwa Kiingereza. Ni kweli, mpaka siku wanapokabidhiwa mgonjwa.

Bibi wa miaka sabini na ushei amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, kandambili za plastiki ziko sakafuni. Daktari bingwa amepita na kundi lake, kisha amewaacha wanafunzi wawili wa kigeni wachukue historia ya ugonjwa. Mmoja ni Mtanzania wa mwaka wa nne. Koti jeupe limenyooka pasi, kalamu zimejipanga mfukoni, na swali la kwanza amelikariri tangu usiku: unaumwa wapi?

Analiuliza vizuri. Kila toni imekaa mahali pake. Bibi anafurahi, tena anafurahi mno, kwa sababu anajibu kwa dakika mbili bila kituo, mkono mmoja ukipapasa goti na mwingine ukikata hewa.

Kijana ameambulia neno moja, *má*, ambalo bibi amelirudia mara tatu. Likianza juu na kubaki huko ni mama. Likishuka na kupanda ni farasi. Likiporomoka ni kutukana. Hili la bibi linapanda tu, na kamusi ya simu inasema ni katani, mmea wa kusokotea kamba. Chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki, ipo maana ya pili. Bibi anasema mguu umekufa ganzi.

Hakuna mtu wa kulaumiwa hapo. Kijana hakudanganya kuhusu Kichina chake, maana kozi aliyoomba ilitangazwa kuwa ni ya Kiingereza. Chuo nacho kimefundisha kwa Kiingereza, kuanzia anatomia hadi famakolojia. Aliyesahaulika katika mpango mzima ni bibi.

Mlango wenye njia mbili

Mwaka 2018, kabla korona haijafunga mipaka, Wizara ya Elimu ya China ilihesabu wanafunzi wa kigeni 492,185 nchini humo. Waafrika walikuwa 81,562, karibu mmoja katika kila sita.

Wanaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ufadhili wa serikali ya China. Anayekwenda kusomea shahada ya kwanza kwa ufadhili huo kwa kawaida husoma kwa Kichina, na ili asome kwa Kichina hupewa kwanza mwaka mzima wa lugha. Bweni ni bure, ada imelipwa, na posho ya kila mwezi ni yuan 2,500. Mwisho wa mwaka kuna mtihani. Akifeli, ufadhili unaweza kukatika hapo hapo.

Njia ya pili ni ya wazazi wanaolipa wenyewe, na ndiyo inayojulikana zaidi katika familia za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zenye mtoto aliyekosa nafasi ya udaktari nyumbani. Ni shahada ya udaktari kwa Kiingereza, miaka sita pamoja na mwaka wa mazoezi hospitalini. Mwaka 2007 wizara ya China iliitungia kozi hiyo kanuni zake za ubora, baada ya vyuo kuikimbilia kwa wingi. Mwaka 2018 ikaongeza kigezo kingine: anayesoma shahada ya kwanza kwa lugha ya kigeni anatakiwa, hadi anapohitimu, awe amefika ngazi ya nne ya Kichina.

Ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina uitwao HSK, kwa mfumo uliotumika tangu 2010, ni maneno 1,200. Kwa kununua nyanya, kupanda treni na kugombana na mwenye nyumba, maneno 1,200 yanatosha na chenji inabaki. Kwa kumsikiliza mgonjwa anayeeleza maumivu yaliyoanza kwenye nyonga yakatambaa hadi unyayoni, hayatoshi. Tena maneno ya mtihani ni ya safari, ofisi, afya njema na hali ya hewa. Makohozi hayamo.

> Maneno ya mtihani ni ya safari, ofisi, afya njema na hali ya hewa. Makohozi hayamo.

Nguo ya kuazima, pande zote mbili

Hata darasani Kiingereza hicho kina mushkeli wake. Mhadhiri aliyezaliwa Chengdu anafundisha kwa lugha aliyojifunza shuleni. Mwanafunzi wa Kitanzania anayemsikiliza alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza cha kufundishiwa alipoingia kidato cha kwanza. Wote wawili wamevaa nguo ya kuazima, na inawabana mahali tofauti.

Slaidi huokoa jahazi. Mfupa wa paja una jina moja la Kilatini Chengdu na Chamwino, na picha ya moyo haihitaji mkalimani. Ndiyo maana miaka mitatu ya kwanza inaweza kupita salama salimini: mwanafunzi anasoma vitabu, anafaulu, anaishi bwenini na Wakenya, Waganda, Wanigeria na Wapakistani wanaosoma kozi ileile, anapika nao, anacheka nao. Kichina chake ni cha kantini. Hakimwangushi, hakimpandishi.

Halafu mwaka wa nne au wa tano unafika, na ratiba inaandika neno wodi.

Sambusa zilizogeuka usingizi

Ni rahisi kukicheka Kichina cha kantini, lakini vita vyenyewe huanzia pale.

Saa kumi na moja na nusu jioni ukumbi umejaa, sinia za chuma zinagongana, foleni inasonga kwa kasi ya watu wenye njaa. Kwenye ubao wa juu hakuna picha, ni herufi tupu. Mgeni anataka vile vitu vilivyofungwa kwa unga, mfano wa sambusa za kuchemsha. Jina lake ni *shuǐjiǎo*. Akikosea toni zote mbili, kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya angalau mara moja, anakuwa amesema *shuìjiào*. Amemwambia mama wa dirishani kwamba anataka kulala. Mama anacheka, anaelewa, anapakua. Kisha anaonyesha karatasi yenye msimbo wa kulipia kwa simu, na mgeni ambaye bado hajafungua akaunti ya benki anabaki na noti mkononi kama mtu aliyekuja sokoni na simbi.

Kununua na kuuza ni neno moja, *mai*, toni ndiyo inayoyatenganisha. Mchuzi na sukari vilevile, *tang*. Mswahili anayedhani lugha yake haina mambo ya namna hiyo ajaribu kusema barabara mara mbili: mara ya kwanza aweke mkazo kwenye silabi ya tatu, apate njia ya magari, mara ya pili kwenye silabi ya pili, apate sawasawa. Tofauti ni kwamba Kiswahili kina maneno machache ya hivyo, ya kuwashangaza wageni. Kichina kimejengwa hivyo chote.

Mtoto wa Pwani, kwa upande mwingine, anafika na mtaji ambao hajui kwamba anao. Kichina hutofautisha *b* na *p* kwa pumzi tu: sauti ni karibu ileile, moja inatoka kavu, nyingine na mpumuo. Mzungumzaji aliyezoea Kiswahili cha bara hutaabika hapo. Aliyelelewa Lamu, Mombasa au Unguja kwa wazee wanaosema sawasawa amekuwa akifanya hivyo tangu utotoni, kwa sababu paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi sawa, wala kaa la moto na kaa wa baharini. Shule imezifuta tofauti hizo kwenye maandishi, lakini midomo bado inazikumbuka.

Ngeli nazo humsaidia. Kichina hakikubali useme karatasi tatu hivi hivi. Lazima pawe na neno linalotangaza umbo la kitu. Kilicho bapa kama karatasi, meza au kitanda kina neno lake, *zhāng*. Kirefu kama mto, suruali au samaki kina lake, *tiáo*. Muingereza huona huo ni usumbufu. Mswahili anaona ni ndugu wa ki-vi na u-zi, na hata uvivu wake anautambua: Wachina wa mitaani humaliza kila kitu kwa neno moja jepesi, *gè*, kama sisi tunavyosema gari imeharibika, tukamwacha mwalimu wa sarufi anung'unike peke yake.

Hata ukoo unalingana. Kiingereza huwatia mjomba, baba mkubwa na baba mdogo kapu moja. Kichina huwatenga kama Kiswahili: mjomba ni *jiùjiu*, baba mkubwa ni *bóbo*, baba mdogo ni *shūshu*. Hilo si pambo. Daktari anayeuliza magonjwa ya kurithi anahitaji kujua aliyekufa kwa kuvuja damu alikuwa ndugu wa mama au wa baba, na mwanafunzi aliyejifunza kuuliza kwa Kichina hupata jibu la wazi kuliko kitabu chake cha Kiingereza kinavyomwezesha.

> Mtoto wa Pwani anafika China na mtaji ambao hajui kwamba anao.

Mengine ni ya kuzoea tu. Wanaotafuta chakula halali hujifunza mapema herufi mbili zinazosomeka *qīngzhēn*, mara nyingi kwenye kibao cha kijani, na vyuo vikubwa vingi vina kantini ya namna hiyo. Ugali hupatikana kwa unga wa mahindi ya njano, unaosongwa kwenye sufuria ya umeme ambayo kanuni za mabweni mengi zimeipiga marufuku. WhatsApp haifunguki, hivyo mama nyumbani inabidi aweke WeChat. Anapopiga saa tano usiku kwa saa za Dar, mwanawe yuko saa kumi alfajiri. Wuhan wakati wa baridi ina unyevu unaopenya mifupani, na mabweni ya upande wa kusini wa nchi hayana mabomba ya joto kama ya kaskazini. Haya yote mtu huyazoea ndani ya mwaka.

Mwaka uliopotea, au mwaka uliookolewa?

Hapa ndipo pande zinapovutana.

Mawakala wa vyuo, ambao hulipwa kwa idadi ya wanafunzi wanaowapeleka, hutangaza kozi ya Kiingereza kama njia ya mkato: hakuna mwaka wa lugha, hakuna mtihani wa lugha, unaanza udaktari Septemba. Wazazi wengi husikia hesabu ya ada kabla ya kitu kingine chochote, na mwaka mmoja wa ziada ni mwaka wa ada, bweni na nauli. Wana hoja. Kijana akimaliza kidato cha sita na miaka kumi na tisa, akaongeza mwaka wa Kichina, miaka sita ya udaktari na mwaka wa mafunzo ya vitendo nyumbani, anakaribia thelathini ndipo apate mshahara wa kwanza wa maana. Wadogo zake nao wanasubiri.

Upande wa pili ni wa waliopita njia ya Kichina chenyewe. Mwaka wao wa kwanza ni wa kuchosha: asubuhi hadi mchana darasani, jioni kuandika herufi moja mara hamsini, mpaka kidole cha kati kiote sugu. Wengine hulia. Lakini wakifika wodini huwa na kitu cha kumwambia bibi, na zaidi ya hapo, wanaweza kusoma faili lake. Faili limeandikwa kwa Kichina, kwa mwandiko wa daktari, na mwandiko wa madaktari ni uleule dunia nzima.

Makala hii inaegemea upande huo wa pili, ingawa si kwa moyo mweupe. Kinachotia shaka ni kwamba kozi ya Kiingereza imeukwepa mwaka wa lugha kwa jina tu. Kichina kinafundishwa humo pia, saa chache kwa wiki, pembeni ya biokemia na histolojia, na mwanafunzi mwenye akili timamu ataweka nguvu kwenye somo litakalomfelisha wiki ijayo. Mwaka wa lugha haujaondolewa. Umekatwakatwa ukanyunyizwa juu ya miaka minne, kidogo kidogo, hadi hauonekani.

Wazo la kuanza na lugha si geni. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, na muda mfupi baadaye kupewa jina la Patrice Lumumba, kiliwapa wageni Kirusi kabla ya fani. Leipzig, katika Ujerumani Mashariki, kulikuwa na taasisi ya kuwaandaa wageni kwa Kijerumani tangu 1956. Ndiyo iliyokuja kuitwa Herder. Beijing ilipata chuo chake cha kuwafundisha wageni Kichina mwaka 1962.

Lakini historia hiyohiyo ina onyo. Miongoni mwa Waafrika wa kwanza kusoma Beijing, kundi lililokuwa na Wazanzibari ndani yake, wengi walifunga virago kabla ya kumaliza. Mghana Emmanuel Hevi aliondoka mwaka 1962 na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha malalamiko, kikiwa na sura za upweke, za siasa na za lugha iliyokula muda wao. Mwaka wa lugha usio na rafiki wa kuzungumza naye ni kifungo. Hevi aliliona hilo mapema.

Lafudhi isiyo kwenye mtihani

Tuseme basi kijana amepasi ngazi ya nne, au hata ya tano. Anaingia hospitali ya Changsha au Wenzhou, na anakuta wagonjwa wengi ni wazee, na wazee hawazungumzi Kichina cha mtihani. Wanazungumza lugha ya kwao. Ile ya Wenzhou hata Mchina wa Beijing haielewi. Ni kama mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu kwa kaseti, kisha akapelekwa Pate kumhoji mvuvi.

Hapo ujanja ni mmoja. Mgonjwa akiona hajaeleweka, huandika. Kidole cha shahada kinachora herufi kwenye kiganja cha mkono mwingine, polepole, mstari baada ya mstari, kwa sababu maandishi ni yaleyale popote nchini hata matamshi yakitofautiana. Aliyeandika herufi moja mara hamsini katika mwaka wa lugha ataisoma kiganjani. Aliyejifunza kuongea tu, kwa herufi za Kilatini, ataona kidole kinachezacheza.

Maumivu nayo yana majina yasiyokubali kuhamishwa mzima mzima. Mchina husema *suān*, neno la uchachu wa siki, kwa ule uchovu mzito wa misuli ya mgongo. Mswahili hana moja la kulingana nalo. Atasema mgongo unauma, au umechoka. Lakini Mswahili ana kichomi, na jaribu kumtafsiria mtu kichomi.

Korona ilikata mafunzo haya katikati. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020, na mwishoni mwa Machi mwaka huo China ikazuia karibu wageni wote kuingia. Wanafunzi waliokuwa likizo nyumbani walibaki huko. Milango iliwafungukia tena Agosti 2022. Patholojia inaweza kusomwa kwa simu ukiwa Mbeya, umeme ukiwepo. Mgonjwa hasomeki hivyo.

Huku nyumbani

Anayetaka kujiandaa kabla ya kusafiri hana kisingizio kikubwa siku hizi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu 2005, ya kwanza barani Afrika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vilifungua zao mwaka 2013. Miezi sita ya jioni pale haimfanyi mtu mfasiri, ila inamwondolea ile hofu ya siku ya kwanza kantini.

Mzazi naye ana maswali ya kuuliza kabla ya kulipa: chuo kimeruhusiwa kufundisha udaktari kwa Kiingereza? Mazoezi yatafanyika hospitali ipi, na nani atasimama kati ya mwanafunzi na mgonjwa? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayopima vyeti vya nje anaporudi, na Kenya ina mtihani wake kwa madaktari waliosomea ng'ambo kabla hawajapewa nafasi ya mafunzo ya vitendo. Karatasi ya Kiingereza haitoi jibu la kila swali huko.

Jambo moja husahaulika katika mjadala huu wote: safari si ya upande mmoja. Tangu 1964 jimbo la Jiangsu limekuwa likituma timu za madaktari Zanzibar, zamu kwa zamu, na tangu 1968 Shandong imekuwa ikituma zake Tanzania Bara. Daktari bingwa wa Nanjing, huko Jiangsu, anayefika hospitali ya Mnazi Mmoja anakuta bibi mwingine ukingoni mwa kitanda kingine, ametoka Makunduchi kwa daladala la alfajiri, anapapasa goti lake na kueleza kwa Kimakunduchi kitu ambacho hakimo kwenye kitabu cha Kiswahili alichopewa mgeni huyo kabla ya kupanda ndege.

Siku kama hiyo, daktari kijana aliyesoma China anaitwa kutoka chumba cha pili. Anamsikiliza bibi mpaka mwisho. Kisha anamgeukia mwenzake wa Nanjing, anasema *má*, na toni inapanda.